Majibu ya kinyama cha tezi dume yanapochelewa

Msomaji mwenye umri wa miaka 61 ameniandikia barua ambayo kwa ufupi inasema hivi: kipimo chake cha damu cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, kilisoma 7.8, picha ya MRI ikaonyesha eneo lenye shaka katika tezi dume, na daktari akamchoma sindano kuchukua vinyama 12 vya kupelekwa maabara. Aliambiwa kwamba majibu yangetoka baada ya wiki mbili, na sasa wiki ya tano inakatika bila simu wala ujumbe. Anauliza kama ukimya huo maana yake ni kwamba wameona jambo baya, kama saratani, ikiwa ipo, inaweza kusambaa huku yeye ameketi akingoja, na afanye nini na usiku, kwa sababu usingizi umempaa na mkewe ameanza kumwuliza kulikoni.

Ndugu yangu, nianze na ukimya, kwa sababu naona ndio unaozaa hofu nyingine zote. Katika kazi hii ya kutibu maradhi ya njia ya mkojo nimewasikia wagonjwa wakiufasiri ucheleweshaji kwa namna mbili zinazopingana. Mmoja husema kwamba ingekuwa salama wangekwisha kumpigia simu, hivyo bila shaka wanatafuta namna ya kumwambia. Mwingine husema kwamba ingekuwa hatari wangemwita mbio, hivyo bila shaka ni mzima. Hoja zote mbili zinasikika kuwa za busara, na zote mbili hazina mguu wa kusimamia, kwa sababu muda ambao majibu huchukua hutegemea zaidi foleni ya maabara, idadi ya wataalamu waliopo na mwendo wa karatasi kutoka meza moja hadi nyingine kuliko kitu chochote kilichomo ndani ya tezi dume yako.

Inafaa ujue kinyama chako kinapitia wapi. Kile ambacho sindano huchomoa ni uzi mwembamba wa nyama wenye urefu wa sentimita moja au moja na nusu hivi. Hutumbukizwa katika formalini ili kisioze, nacho hukaa humo kwa saa kadhaa hadi siku nzima au zaidi. Kisha hutolewa maji kwa alkoholi, hugandishwa ndani ya nta, na fundi wa maabara hukikata kwa mashine katika vipande vyembamba vya unene wa takribani mikroni 4, kiasi kwamba ingekubidi upange vipande 250 ili upate milimita moja. Vipande hivyo hubandikwa juu ya vioo na kutiwa rangi, ndipo mtaalamu wa patholojia anapovikalia kwa hadubini. Sasa kumbuka kwamba wewe peke yako una vinyama 12, na kwamba nyuma yako wapo wagonjwa wa matiti, wa utumbo, wa kizazi na wa ngozi, ambao nao vinyama vyao vinangoja jicho lile lile.

Kuna sababu nyingine ya kuchelewa ambayo wagonjwa huambiwa mara chache, nami naona ni vema waambiwe. Vijitezi vidogo vilivyomo ndani ya tezi dume yenye afya huzungukwa na safu mbili za seli, na ile safu ya nje ndiyo inayotoweka mahali penye saratani. Wakati mwingine mtaalamu huona vijitezi vichache tu vyenye sura ya kutia shaka, pengine vitano au sita katika kinyama kizima, na kwa rangi ya kawaida asiweze kuapa kwamba safu ile ipo au haipo. Hapo huagiza rangi maalumu zinazotumia kingamwili, ambazo huipaka safu ya nje rangi ya kahawia ikiwa ipo, na kazi hiyo huongeza siku. Na kama maabara haina kemikali hizo, kinyama husafirishwa hadi penye nazo. Akiwa bado hajaridhika, huomba mwenzake avitazame vioo hivyo. Kwa hiyo kuchelewa kwaweza kabisa kuwa tunda la umakini, na umakini huo huweza kuishia kwenye jibu la saratani au jibu la salama. Binafsi ningependa kinyama changu kisomwe taratibu na mtu mwenye shaka kuliko kisomwe haraka na mtu asiye nayo.

Hata hivyo, na hapa naomba unisikilize vizuri, ukimya si habari njema pia. Ripoti hupotea. Hutumwa kwa daktari aliyekwenda likizo, huwekwa katika faili lisilo lake, hungoja kikao cha jopo la madaktari kinachofanyika mara moja kwa wiki, au hupigwa simu kwa namba ambayo mgonjwa aliiacha zamani. Mtu aliyeahidiwa wiki mbili na akafikisha tano hana sababu ya kuendelea kungoja kwa adabu. Anayo haki ya kuuliza, na kuuliza huko si kumsumbua mtu.

Ila uliza kwa namna ambayo haitajibiwa kwa neno moja. Ukipiga simu na kusema “majibu yangu yametoka?”, utaambiwa “bado”, na simu itakatwa ukiwa pale pale ulipokuwa. Weka mbele yako namba yako ya hospitali na tarehe uliyochukuliwa vinyama, kisha uulize kama maabara ilivipokea na ni tarehe gani. Kama mtaalamu wa patholojia amekwisha kuisaini ripoti. Kama hajaisaini, kinachongojwa ni rangi maalumu, ni maoni ya mtaalamu wa pili, au ni foleni tu. Nani atakayekupa majibu, kwa simu au ana kwa ana. Na ufikapo lini bila kusikia chochote upige tena. Hakikisha wanayo namba yako ya simu inayopatikana. Andika jina la uliyezungumza naye na siku mliyozungumza. Nimeona mara nyingi kwamba hata pale majibu yanapokuwa hayajatoka, mgonjwa aliyepewa tarehe na jina la mtu hupumua, kwa sababu kungoja hadi Alhamisi ni mzigo mwepesi kuliko kungoja tu.

Swali lako la pili ni zito zaidi, nami sitalijibu kwa kukupa moyo usio na msingi. PSA iliyo kati ya 4 na 10, ikitazamwa peke yake, huambatana na saratani kwa takribani mwanamume mmoja kati ya wanne wanaochukuliwa kinyama. Wengine huwa na tezi iliyotanuka kwa umri, au uvimbe wa maambukizi, au hawaonekani kuwa na sababu yoyote. Lakini wewe una pia eneo lenye shaka katika MRI, na hilo hupandisha uwezekano. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba hakuna kitu. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba saratani ya tezi dume, katika sura zake nyingi, hukua kwa miaka, na kwa wagonjwa walio katika hali kama yako hesabu zetu za matibabu huenda kwa wiki na miezi, si kwa siku.

Upo utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT ambao huwa nauleta katika mazungumzo ya namna hii. Wanaume 1,643 wenye umri wa kati ya miaka 50 na 69, ambao saratani yao iligunduliwa kwa PSA ikiwa haijatoka nje ya eneo lake, walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: wengine walifanyiwa upasuaji, wengine walitibiwa kwa mionzi, na wengine walifuatiliwa tu kwa vipimo, wakitibiwa pale dalili za kukua zilipoonekana. Matokeo ya baada ya miaka 15, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa chini ya watu 3 kati ya kila 100, na tofauti kati ya makundi hayo matatu ilikuwa ndogo mno. Sikuletei utafiti huo ili useme kwamba ugonjwa huu ni mchezo. Zipo saratani za tezi dume zilizo kali na zinazohitaji kushughulikiwa mapema, na wanaume wengi hufa kwazo duniani. Nakuletea kwa sababu unajiuliza kama hizi wiki tatu za ziada zimekunyima nafasi ya kupona, na kwa mtu asiye na dalili, mwenye PSA ya 7.8, ni vigumu sana kuona jinsi zilivyoweza kufanya hivyo.

Yapo mambo machache ambayo hayangoji majibu, nayo ni tofauti na hofu ya kawaida. Homa ya nyuzi 38 au zaidi au baridi inayokutetemesha, hasa katika siku za mwanzo baada ya sindano, inakupeleka hospitali saa ile ile, kwa sababu maambukizi yanaweza kuingia katika damu. Mkojo unaogoma kutoka kabisa, au unaotoka na mabonge ya damu, nao ni wa dharura. Vivyo hivyo maumivu mapya makali ya mgongo yanayofuatana na miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia haja. Kwa upande mwingine, damu kidogo katika mkojo au katika haja kubwa kwa siku kadhaa baada ya kuchukuliwa kinyama ni kawaida, na manii yanaweza kubaki na rangi nyekundu au ya kahawia kwa wiki kadhaa. Wanaume wengi huogopa jambo hili la mwisho kuliko yote na hawalisemi; si dalili kwamba saratani imesambaa, na halimdhuru mwenza wako. Na ikiwa uliambiwa usimamishe dawa za kuzuia damu kuganda kabla ya sindano, uliza leo kama ulipaswa kuwa umezirudia, maana nimekuta watu waliozisahau wakingoja majibu.

Kuhusu usiku. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwaweka watu 45 mbele ya mchezo wa kompyuta ambamo walibashiri kama chini ya jiwe palikuwa na nyoka, na kila nyoka alipotokea walipigwa shoti ya umeme mkononi. Mfadhaiko wao ulipanda juu zaidi pale uwezekano wa kupigwa ulipokuwa nusu kwa nusu, kuliko pale walipokuwa na hakika kwamba watapigwa. Ndiyo maana wapo wagonjwa ambao hulala vizuri zaidi usiku ule walioambiwa kwamba wana saratani kuliko usiku wowote wa kungoja. Kwa hiyo usijilaumu kwamba umekuwa mwoga. Akili yako inafanya kazi ambayo akili hufanya inapokosa jibu: inatunga majibu yote, na kwa kuwa usiku hakuna la kuishughulisha, huyatunga saa nane za usiku.

Usijaribu kujikataza kuwaza, kwani wazo linalokatazwa hurudi na nduguze. Njia ambayo wataalamu wa saikolojia huifundisha, nami nimeona ikiwafaa wengi, ni kuipa hofu saa yake. Chagua nusu saa mchana, isiwe karibu na kulala, ukae na karatasi na uandike kila linalokutisha bila kujizuia: kifo, ndoa, kushindwa kuzuia mkojo, fedha, kazi. Yale yanayoweza kufanyiwa jambo, kama kupiga simu hospitali, yawekee siku. Yale yasiyofanyika kitu kabla ya majibu yaandike upande mwingine uyaache hapo. Hofu ikibisha hodi usiku, iambie kwamba zamu yake ni kesho saa kumi. Siku tatu za mwanzo utaona ni upuuzi, endelea. Na kitandani, kama dakika 20 hivi zimepita bila usingizi, usibaki ukigaagaa. Inuka, keti penye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha lisilo na skrini, urudi usingizi ukija, ili kitanda kisigeuke mahali pa kufanyia hesabu za maisha. Pombe huleta usingizi wa mwanzo na kuuvunja wa alfajiri, tena humrudisha mtu chooni mara kwa mara, jambo ambalo mwenye tezi dume hahitaji kuongezewa.

Simu ya mkononi ni adui mwingine. Kusoma kuhusu ugonjwa ambao hujaambiwa kuwa unao, na ambao kama unao hujui una ukali gani, ni kusoma habari za watu wengine. Kama huwezi kuacha kabisa, jiwekee muda mfupi mchana na usome kurasa za taasisi za afya zinazojulikana, usizisome simulizi za watu usiku, maana aliyepona kimya hana sababu ya kuandika.

Nakuomba pia usiende maabara nyingine kupima PSA upya ili “kuhakikisha”. Sindano yenyewe huipandisha PSA kwa wiki kadhaa, na namba utakayoletewa itakutisha bure bila kumwambia daktari kitu. Wala usianze vidonge vya kulinda tezi dume kwa ushauri wa marafiki. Utafiti wa SELECT, uliowahusisha wanaume zaidi ya 35,000 katika Marekani, Kanada na Puerto Rico, ulianzishwa kwa matumaini kwamba vitamini E na madini ya seleni yangezuia saratani hii. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kama tayari unameza kitu chochote, cha hospitali au cha mitishamba, mtajie daktari wako jina lake, kwani baadhi ya dawa za kupunguza tezi huishusha PSA hadi karibu nusu na kumpotosha anayeisoma.

Sasa kuhusu mkeo. Umeniandikia kwamba hujamwambia kwa kuwa hutaki kumpa wasiwasi. Lakini anakuona hulali, anakuona unainuka kila simu inapolia, na umesema mwenyewe kwamba ameanza kuuliza. Kwa hiyo wasiwasi tayari anao. Alichokosa ni sababu yake, na mtu aliyekosa sababu huitafuta mwenyewe, wakati mwingine akaifikia iliyo mbaya kuliko saratani. Huna haja ya kutunga hotuba. Mwambie kwamba ulipimwa, ukachukuliwa vinyama, majibu hayajatoka, na kwamba unaogopa. Neno hilo la mwisho ndilo gumu kwa wanaume wa umri wetu, na ndilo linalobadilisha mazungumzo. Mwambie pia anachoweza kufanya, iwe ni kukaa nawe unapopiga simu hospitali au kukuacha kimya jioni fulani, maana mtu asiyepewa kazi hujaza nafasi kwa maswali.

Watoto naona wanaweza kungoja, ikiwa ni watu wazima wanaoishi kwao na hawana wanachoweza kufanya kwa sasa. Saratani ikithibitika utawaambia, hasa wana wako, kwa kuwa mtu ambaye baba au ndugu yake amepata saratani ya tezi dume uwezekano wake wa kuipata huwa takribani mara mbili ya wengine, na habari hiyo itamsaidia kuamua lini azungumze na daktari kuhusu kupimwa. Iwapo huzuni itakuzidi hadi ukashindwa kula au kufanya kazi kwa siku nyingi, au ukaanza kuona heri usiwepo, usingoje majibu ya maabara. Hilo ni jambo la kumwona daktari au mshauri nasaha siku hiyo hiyo.

Majibu yatakapotoka, omba uyapokee kwa mdomo kutoka kwa mtu anayeweza kuyaeleza, na kama hospitali yenu huyatuma moja kwa moja kwenye simu ya mgonjwa, amua mapema kama utayafungua peke yako usiku au utangoja uwe na mwenzako. Nenda na mkeo, au mtu mwingine mwenye masikio yaliyotulia, aandike. Omba nakala ya ripoti. Ikiwa ni saratani, uliza alama ya Gleason, inayopima ukali wa saratani kwa sura yake chini ya hadubini, na kundi lake la ukali, ambalo huanzia 1 hadi 5. Vinyama vingapi kati ya 12 vimekutwa nayo. Kama kuna haja ya vipimo vya kuangalia mifupa na sehemu nyingine. Na kama kufuatiliwa kwa karibu bila matibabu ya haraka ni chaguo kwako, kwani kwa wenye kundi la 1 mara nyingi huwa ndilo la kwanza kufikiriwa. Usikubali kuamua kuhusu upasuaji au mionzi ukiwa bado kwenye kiti kile, ila kama umeelezwa kwa nini haraka hiyo inahitajika.

Ikiwa hawakuona saratani, uliza jambo moja zaidi kabla hujasimama: lile eneo ambalo MRI ililitilia shaka, je, sindano zililifikia? Sindano huweza kupita pembeni, na wakati mwingine ripoti husema kwamba yameonekana mabadiliko yasiyotosha kuitwa saratani wala kupuuzwa. Katika hali zote hizo utahitaji tarehe ya PSA inayofuata, na pengine kinyama kingine, na jina la mtu atakayehakikisha kwamba tarehe hiyo haipiti bila wewe kuitwa.